Katiba Mkononi, Ufunguo Kwingine

Serikali ya wanafunzi katika vyuo vyetu ina rais, makamu, mawaziri, bunge na spika. Mara nyingi ina hata waziri wa malazi. Isichokuwa nacho ni paa. Ukumbi wa mikutano huombwa kwa barua, ofisi ni chumba cha kuazimwa, na bomba likipasuka bwenini waziri huyo hana fundi, hana fungu, wala hana ufunguo wa stoo. Kilichobaki katika uwezo wake ni kuandika barua nyingine kwa Mshauri wa Wanafunzi.

Huwa nasikia ikisemwa kwamba hali hii ni ya kimaumbile: mwanafunzi ni mpita njia, anakaa miaka mitatu na kuondoka, hivyo hawezi kukabidhiwa nyumba. Hoja hiyo ina uzito, lakini historia haiungi mkono moja kwa moja. Nitaeleza kisa kimoja cha mbali, kisha nirejee nyumbani.

Mwaka 1948 mji wa Berlin ulikuwa umegawanywa baina ya washindi wa vita. Chuo kikuu cha zamani kilikuwa upande wa Wasovieti, na mwezi Aprili mwaka huo wanafunzi watatu waliokuwa wakiandika makala za ukosoaji walinyang'anywa haki ya kusoma. Wenzao walidai chuo kipya upande wa magharibi. Mwezi Desemba Chuo Kikuu Huria cha Berlin kilizinduliwa, kwa msaada wa Wamarekani, katika nyumba za kawaida za mtaa wa Dahlem. Kwa kuwa wanafunzi walikuwa miongoni mwa waasisi, walipewa viti na kura katika vyombo vya uamuzi, jambo lililokuwa geni kabisa katika vyuo vya Ujerumani vya wakati ule.

Kutokana na historia hiyo, mwaka 1957 likawekwa jiwe la msingi la kijiji cha wanafunzi huko Schlachtensee, kwa fedha za serikali ya Marekani. Nia ilikuwa ya kisiasa na haikufichwa: kuwalea vijana wa taifa lililotoka chini ya udikteta wawe raia wa demokrasia. Kinachonivutia ni kwamba wasanifu majengo, Fehling, Gogel na Pfankuch, waliichukua nia hiyo wakaigeuza kuwa kuta na milango. Badala ya jengo moja refu lenye korido ndefu na mlinzi mlangoni, walijenga nyumba ndogondogo zilizotawanyika katika bustani. Vyumba vya kulala vilikuwa vidogo sana, na jiko likawa la pamoja. Palikuwa na jumba la mikutano, maktaba, duka, na hata nyumba iliyoitwa ya meya. Wakazi walijichagulia viongozi na kujipangia maisha ya kijiji. Ukilazimika kugawana sufuria na watu usiowachagua, utajifunza kujadiliana hata kama hupendi siasa.

Somo lilieleweka kupita matarajio ya walimu. Mwezi Juni 1966 wanafunzi wa chuo hicho walikaa chini kwa maelfu ndani ya jengo lililojengwa kwa fedha za mfuko wa Ford, wakidai haki ya kushiriki katika uamuzi. Wengi wao walikuwa tayari wanaandamana kupinga vita ya Vietnam, yaani kuwapinga wafadhili wenyewe.

Miongo mitatu baadaye kijiji kilikuwa kimechakaa. Serikali ya jiji, iliyokuwa na upungufu wa fedha, ilitaka kibomolewe na ardhi iuzwe, ingawa majengo yalikuwa yameorodheshwa kuwa ya kuhifadhiwa. Hapo ndipo wapita njia walipoonyesha jambo. Wakazi, pamoja na waliowahi kukaa pale na wasanifu waliowaunga mkono, walikataa, wakaunda chama cha ushirika mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ushirika huo ukakinunua kijiji. Mwaka 2006 kilitambuliwa kuwa mnara wa utamaduni wa ngazi ya taifa. Mwanafunzi huondoka, lakini ushirika hubaki, ukiwa na vitabu vya hesabu, wafanyakazi wa kuajiriwa na hisa zinazopokewa na anayefuata.

Nisionekane napamba. Ushirika wa wanafunzi wa Berkeley kule California, ulioanza 1933 wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, huwataka wanachama kufanya kazi za zamu nyumbani kila wiki, kupika na kusafisha. Hata hivyo mwaka 1989 wanachama walipiga kura kuifunga nyumba yao mashuhuri ya Barrington Hall, iliyokuwa imeshindwa kudhibiti fujo na dawa za kulevya. Angalau walioifunga walikuwa wenye nyumba.

Nyumbani tulikuwa na maandishi mazuri kuliko yote hayo. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilihoji kwa nini shule ziajiri wafagizi na watunza bustani ilhali vijana wenye nguvu wapo. Sehemu hiyo sote tunaikumbuka, kwa kuwa tulifyeka nyasi. Sehemu tuliyoisahau ni ile iliyosisitiza kwamba wanafunzi washiriki pia kuamua juu ya shamba lao na matumizi ya mapato yake. Jembe lilibaki kwa mwanafunzi, uamuzi ukahamia ofisini. Katika shule nyingi kazi ya mikono ikaishia kuwa adhabu ya mchelewaji, na sioni ajabu kwamba kijana aliyelelewa hivyo akifika chuoni haoni fahari yoyote katika kushika ufagio.

Vyuoni mvutano ulikuwa wazi zaidi. Mwaka 1971 pale Mlimani, rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, aliuandikia uongozi barua ya wazi kuhusu namna chuo kilivyoendeshwa. Aliondolewa chuoni kwa nguvu ya askari wenye silaha, na wanafunzi wakagoma pamoja naye. Mwaka 1978 chama chao, DUSO, kilipigwa marufuku baada ya maandamano ya kupinga nyongeza za marupurupu ya viongozi. Chama kinachoweza kufutwa kwa tamko moja hakiwezi kukabidhiwa jengo, na chama kisicho na jengo ni rahisi kukifuta.

Pamoja na hayo, wanafunzi wetu wanatawala. Anayejua maana ya kubebana anajua kwamba chumba cha watu wanne kimewahi kulaza wanane kwa sheria zisizoandikwa: nani analala lini, nani anachangia nini, mgeni anaheshimu kabati la nani. Utawala huo ni mgumu kuliko bajeti ya bunge lao lote, nao umefanywa kwa siri kwa kuwa kanuni za mabweni zinaukataza.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 tunayo, na watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanaifahamu kuliko mimi. Ningependa kuanza na kitu kidogo: bweni moja, fungu lake la matengenezo, kamati ya wakazi yenye saini benki, na hesabu kubandikwa mlangoni kila mwezi.