"Yaani", neno dogo lililotoka mbali

Kwa miaka mingi sisi walimu wa Masisi na Walikale tulikuwa tunalifuta kwa biki nyekundu. Mwanafunzi anaandika: "Yaani mvua ilinyesha, yaani barabara ikakatika." Tunakata yaani zote mbili, pointi zinapungua. Siku moja mmoja akatuuliza: "Mwalimu, sasa hii neno iko na kosa gani?" Tulikosa jibu.

Neno ni la Kiarabu. Kule ni kitenzi kizima, "inamaanisha", na shina lake ndilo lililotupatia pia neno maana. Waturuki wanalo, Waajemi wanalo, na wasemaji wa Kiurdu vilevile. Kwao kama kwetu linaeleza lililotangulia, tena linampa msemaji nafasi ya kutafuta neno lililomponyoka.

Huku halikuletwa na kitabu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pembe na wa watumwa kutoka pwani, Tippu Tip akiwa mashuhuri kuliko wote, walijikita Nyangwe na Kasongo, huko Maniema. Vita vya 1892 mpaka 1894 viliwavunja nguvu, lakini lugha ilibaki midomoni mwa waungwana, ndiyo sababu wazee waliiita Kingwana. Wabelgiji nao wakaitumia kazini. Tena kuanzia 1937 walihamishia Masisi familia nyingi kutoka Rwanda, za kufanya kazi mashambani. Sokoni Muhunde, Munyarwanda, Munyanga na Mukumu walipaswa kusikilizana kwa lugha isiyokuwa ya mama wa yeyote kati yao. Neno likikosekana, mtu anasema yaani, anaonyesha kwa mkono, mwenzake anamalizia.

Mwaka 1993 mapigano yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, yalitenganisha majirani hao. Baadaye, katika mikutano ya kupatanisha watu, tulimsikia muzee mmoja akitupa neno kali, watu wakaanza kunung'unika. Akanyamaza kidogo. "Yaani, bandugu…" akalirudia upya, kwa upole, na watu wakakaa chini. Pale biki yetu ingefuta nini?

Siku hizi wanafunzi wanaweka donc kila mahali, na hakuna mwalimu anayewapunguzia pointi, maana ni Kifaransa! Ya yule wa mvua na barabara, tungeiacha yaani ya kwanza. Ya pili tungemuuliza kwanza alitaka kusema nini.