Mapadri, Wangwana na Katuni za London

Jarida la Punch, lililoanzishwa London mwaka 1841, lilikuwa limezoea ugomvi wa dini kabla halijaitazama Afrika. Papa Pius IX aliporudisha maaskofu Wakatoliki Uingereza mwaka 1850, Punch lilimkejeli vikali mno hata mchoraji wake Richard Doyle, naye Mkatoliki, akaacha kazi. Pengo lake likazibwa na John Tenniel, aliyedumu hapo nusu karne.

Huku Afrika, msafara wa Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki la Askofu Mkuu Lavigerie, uliondoka Bagamoyo mwaka 1878, ukagawanyika njiani: baadhi wakaenda Buganda, wengine Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Hao wa Ujiji walifungua misioni Rumonge mwaka 1879, kisha wakavuka hadi Mulweba, nchi ya Masanze, kusini mwa Uvira. Tarehe 4 Mei 1881 wamisionari watatu waliuawa Rumonge. Chanzo hakikuwa Biblia wala Kurani. Ni kijana aliyekaa misioni, ambaye majirani walidai arudishwe.

Uvira yenyewe ilikuwa mikononi mwa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, na Wangwana wake, Waislamu wa pwani waliofanya biashara ya pembe na watumwa. Kusini zaidi, Kapteni Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, aliwapa silaha watu waliokimbilia misioni. Mwaka 1888 Lavigerie, sasa kardinali, aliyahutubia makanisa na kumbi za Ulaya akiomba vita vya msalaba dhidi ya utumwa. Tarehe 31 Julai alizungumza London na kusikilizwa kwa heshima, katika mji uleule uliomcheka Papa miaka 38 nyuma. Utumwa uliwapatanisha Wakatoliki na Waprotestanti pale Ulaya; Buganda haukuwapatanisha.

Tarehe 24 Januari 1892, huko Mengo, makao makuu ya Buganda, Wafransa (ndivyo Wakatoliki walivyoitwa) na Waingereza (Waprotestanti) walipigana. Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliwaunga mkono Waprotestanti, wakashinda. Wakatoliki waliofukuzwa walikuwa wafuasi wa Mapadri Weupe, shirika lilelile la Mulweba.

Punch lilichora nini? Oktoba 1892 lilitoa tembo mweupe, Uganda, ambaye Kampuni imeshindwa kumdhibiti na inataka kumtupia serikali. Aprili 21, 1894 likatoa kitoto cheusi kilichoachwa mlangoni mwa John Bull, yaani Uingereza, ambaye analalamika lakini anakichukua. Katika picha hizo mbili hamna padri, shehe wala Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda. Damu ya Mengo imegeuzwa hesabu ya gharama, na Mwafrika amekuwa mnyama au mtoto.

Rumaliza alishindwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo Januari 1894, akakimbilia upande wa Wajerumani. Katuni ya kitoto kile ilichapishwa miezi mitatu baadaye, na Juni 1894 Uingereza ikatangaza Uganda kuwa nchi ya ulinzi wake.