GEMU LINAKATAKATA? IJUE HISTORIA YA WATU WALIOCHEZA KWENYE KOMPYUTA KIMEO

Leo naomba tuwaweke mastaa pembeni kidogo, tuongelee kitu ambacho najua wengi wenu mnateseka nacho kimya kimya: gemu kukatakata kwenye kompyuta ya zamani. Ile hali unakimbiza gari, unakaribia kona, picha inaganda, ikirudi tayari umeshabamiza ukuta.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilinunua laptop ya mtumba kwa hela niliyodunduliza karibu mwaka mzima. Nikaweka GTA San Andreas, likawa linaenda kama picha za harusi, moja moja. Fundi mmoja, jina naliacha, akaniambia dawa yake ni programu ya "kuongeza RAM", shilingi 15,000. Akaiweka, ikatokea mita ya kijani inasema RAM imeongezeka. Nikalipa, nikaondoka natabasamu. Kufika home, gemu liko vilevile. Ilibaki kidogo tu niiuze ile laptop kwa bei ya kutupa.

Hasira ndiyo iliyonifanya nianze kusoma historia ya haya mambo. Nikagundua vitu viwili. Kwanza, sikuwa wa kwanza kupigwa hivyo. Pili, kwa zaidi ya miaka 30 tiba ya kukatakata imekuwa ileile moja: ipunguzie mashine kazi. Twende taratibu.

KUKATAKATA NI NINI HASA?

Gemu ni picha nyingi zinazochorwa haraka haraka, kila picha inaitwa fremu. Gemu likienda fremu 30 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde kama 33 tu za kumaliza kila picha. Likienda 60, inabaki na milisekunde 16 na kidogo. Ikichelewa hata picha moja, jicho lako linaona mkwamo. Ndio maana gemu linalotulia kwenye 30 linaonekana laini kuliko linaloruka 55, mara 20, mara 40. Kinachokuudhi zaidi ni ule myumbo.

ENZI AMBAZO KOMPYUTA MPYA NDIO ILIKUWA TATIZO

Hii itakuchekesha. Kompyuta ya IBM PC ilitoka mwaka 1981 ikiwa na prosesa ya megahezi 4.77. Magemu mengi ya wakati ule yalijipimia muda kwa kasi ya prosesa yenyewe. Zilipokuja kompyuta zenye kasi zaidi, magemu yaleyale yakawa yanakimbia kama yanafukuzwa na nyuki, huwezi hata kucheza. Ndio maana kompyuta nyingi za zamani zilikuwa na kitufe cha "Turbo" mbele. Jina linasema kasi, lakini kazi yake kubwa ilikuwa ni kukizima ili mashine ipunguze mwendo. Yaani walilipia mashine ya haraka halafu wakaipunguza wenyewe!

1990: UJANJA WA KUCHORA KIDOGO

Miaka ile mashine za Nintendo zilikuwa na vifaa vyake ndani vya kusogeza picha ya nyuma mhusika anapokimbia. Kompyuta za kawaida hazikuwa navyo. Kila hatua ilibidi skrini nzima ichorwe upya, na mashine ilikuwa haiwezi. Wengi waliamini gemu la kukimbia na kuruka, likaenda laini kama kwenye Nintendo, haliwezekani kwenye kompyuta.

Kijana mmoja wa Marekani, John Carmack, aliyekuwa na miaka 20 tu, akaja na wazo rahisi. Kama anga ni la bluu na hatua inayofuata hapo hapo ni bluu tena, kwa nini ulichore upya? Programu yake ikawa inaangalia vipande gani vya skrini vimebadilika, inachora hivyo tu, vingine inaviacha. Kwa ujanja huo, Desemba 1990 likatoka gemu la Commander Keen, na likasogea laini kwenye kompyuta zilezile zilizokuwa zinadharauliwa. Hakuna aliyenunua kifaa kipya.

1993: DOOM NA KITUFE CHA F5

Tarehe 10 Desemba 1993 likatoka Doom, kazi ya Carmack na wenzake. Wenye kompyuta dhaifu hawakuachwa. Ukibonyeza F5, picha inachorwa kwa ubora mdogo, nusu ya kazi kwa upana. Ukibonyeza kitufe cha kutoa, dirisha la gemu linakuwa dogo na pembeni panabaki fremu tupu. Kuna watu walicheza Doom kwenye kidirisha kidogo katikati ya skrini, na walimaliza gemu vizuri tu!

Na kabla hata ya kufika hapo kulikuwa na vita nyingine. Programu za MS-DOS zilitegemea sana kumbukumbu ya kilobaiti 640, hata kama umenunua zaidi. Watu walikaa usiku wanahariri mafaili mawili, CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, wanaondoa draiva ya hiki na kile, mpaka nafasi ipatikane. Wengine walitengeneza disketi maalumu ya kuwashia kompyuta kwa ajili ya gemu moja tu. Umeona tena? Wanapunguza mzigo.

1995: WIZI MKUBWA WA "KUONGEZA RAM"

Hapa ndipo nilipocheka na kulia kwa pamoja. Mwaka 1995, wakati Windows 95 inaingia sokoni, RAM ilikuwa ghali sana. Kampuni ya Marekani iitwayo Syncronys ikaleta programu ya SoftRAM95, ikaahidi itaongeza kumbukumbu ya kompyuta yako bila kununua kifaa chochote. Ziliuzwa kopi zaidi ya 600,000. Wataalamu walipoichunguza wakakuta ile kazi iliyoahidiwa haifanyi. Mwaka 1996 tume ya Marekani inayosimamia biashara ya haki, FTC, iliwabana kwa madai ya uongo.

Sasa piga picha. Uongo ulioanikwa hadharani mwaka 1996, mimi nimeuziwa kwa shilingi 15,000 miaka mingi baadaye, na bado nikasema asante.

2005: SAN ANDREAS NA UTAMU WA SETINGI

San Andreas lilitoka kwenye PlayStation 2 mwaka 2004, na wengi wetu tulilijulia kwenye vibanda vya mtaani. Kwenye kompyuta likaja Juni 2005. Mahitaji ya chini yalikuwa prosesa ya gigahezi 1, RAM megabaiti 256 na kadi ya picha ya megabaiti 64.

Ndani ya setingi zake kuna hazina. Kuna umbali wa kuona: ukiushusha, majengo ya mbali hayachorwi mpaka uyasogelee. Kuna ubora wa vivuli na moshi. Kuna resolusheni. Kuna pia kizuizi cha fremu, na hapa wengi tuliharibu. Tulikizima tukidhani tunapata kasi ya bure, kumbe baadhi ya mambo ya gemu, kama kuogelea, yanavurugika fremu zikizidi. Yaleyale ya kitufe cha Turbo.

2011 MPAKA 2021: MTU ASIYE NA SURA, NA UJANJA WA ZAMANI KUPEWA JINA JIPYA

Minecraft lilipokuja juu, watu walishangaa gemu la maboksi linalemea kompyuta. Mwaka 2011 mtu mmoja, si mfanyakazi wa kampuni ya gemu hilo, akatoa OptiFine, nyongeza inayokuruhusu kuzima mawingu, ukungu, miondoko ya maji na vingine vingi. Wachezaji wengi waliookolewa naye hawajui jina lake halisi wala sura yake. Mimi huyu ndiye ninayemheshimu kuliko mastaa wengi tunaowaandika hapa.

Juni 2021 kampuni ya AMD ikaleta kitu kinaitwa FSR. Gemu linachorwa dogo, halafu picha inakuzwa kijanja ijaze skrini. Kilifanya kazi hata kwenye kadi za washindani wao Nvidia za mwaka 2016. Ukiangalia vizuri, ni mjomba wake F5 ya Doom, amevaa suti.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Laptop yangu ilipona hivi. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa redio, aliifungua mbele yangu. Feni ilikuwa imejaa vumbi kama godoro. Prosesa ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo gemu linaanza vizuri halafu baada ya dakika kumi linakata. Akasafisha, akabadilisha ile dawa inayopakwa juu ya prosesa. Akagoma kuchukua hela, akataka soda tu.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu:

1. Anza na vumbi na joto. Usiweke laptop juu ya kitanda, inazibwa pumzi.
2. Chomeka chaji, laptop nyingi zikiwa kwenye betri zinabana nguvu.
3. Funga programu nyingine, hasa kivinjari chenye kurasa thelathini.
4. Shusha resolusheni. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Ukishuka 1280 kwa 720 zinabaki kama 920,000, chini ya nusu.
5. Shusha vivuli na umbali wa kuona kabla hujagusa kingine.
6. Funga fremu kwenye 30 kama 60 haishikiki.
7. Hela ikipatikana, nunua RAM ya kweli. Kama laptop haina kadi ya picha ya peke yake, vipande viwili vya RAM husaidia kuliko kimoja. SSD itafupisha kusubiri na kupunguza mikwamo ya gemu kupakia, ila isikudanganye kwamba itaongeza fremu sana.

Na mtu akikuambia ana programu ya kuongeza RAM, mwambie akupe mkononi uishike. RAM inashikika. Kama haishikiki, mdau, hiyo ni 15,000 yako inaondoka.

Haya, tupia komenti hapo chini: una mashine gani, gemu gani linakusumbua, na umeshawahi kupigwa kama mimi? Usione aibu, watu zaidi ya laki sita walitutangulia.