Kamusi ya Jeni: Mapatano Yaliyotangulia Mantiki

Mtoto huota meno, mbegu huota, na aliyelala huota ndoto. Msikilizaji wa Kiswahili hajikwai hapo, kwa kuwa hulipima neno kwa muktadha wake, lakini kompyuta hujikwaa. Katika miaka ya 1990 kikwazo cha namna hiyo kiliikabili biolojia nzima. Jeni za hamira, takriban 6,000, zilikuwa zimesomwa zote kufikia mwaka 1996, za mnyoo mdogo Caenorhabditis elegans zikafuata mwaka 1998, na za nzi wa matunda mwaka 2000. Ilidhihirika kwamba jeni nyingi za viumbe hao ni za ukoo mmoja na hufanya kazi zilezile. Lakini kila kundi la watafiti lilikuwa na hifadhidata yake na msamiati wake. Wa hamira waliposema “kuchipua” walimaanisha seli changa inayojitokeza ubavuni mwa mama yake, wa mimea walimaanisha tumba la ua, na wa panya jino linaloanza ndani ya taya. Huku jina moja likibeba mambo matatu, jambo moja, yaani seli kutengeneza protini, liliitwa “usanisi wa protini” na hawa, na wale wakaliita “tafsiri”.

Julai 1998, katika mkutano uliofanyika Montreal, Kanada, watunzaji wa hifadhidata za nzi, hamira na panya walikubaliana kutumia istilahi za pamoja. Aliyelisukuma wazo hilo zaidi ni Michael Ashburner wa Cambridge, akiwa na Suzanna Lewis, Judith Blake na Michael Cherry. Mei 2000 waliutangaza mradi wao, Gene Ontology, katika jarida la Nature Genetics. Neno ontolojia lilikuwa la wanafalsafa, elimu ya vitu vilivyopo. Wataalamu wa kompyuta walilichukua na kulipa maana ya maelezo rasmi ya vitu vya fani fulani na uhusiano wao, yaliyoandikwa hata mashine iyafuate. Hoja yangu ni kwamba mradi huu ulifaulu kwa sababu ulitanguliza mapatano ya watu, na mantiki ya mashine ikaja nyuma yake.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi ajabu. Jeni huulizwa maswali matatu: molekuli yake inafanya kazi gani, iko sehemu gani ya seli, na inashiriki katika mchakato upi. Kutenganisha kazi na mchakato ndiko ninakokuona kuwa busara kubwa kuliko zote, maana kimeng’enya kimoja kinaweza kufanya tendo lilelile ndani ya michakato tofauti. Kila istilahi ilipewa namba, fasili na nafasi yake, na mwanzoni nyuzi zilizoziunganisha zilikuwa mbili tu: “ni aina ya” na “ni sehemu ya”. Kwa nyuzi hizo kompyuta ilianza kuhitimisha yenyewe. Jeni ikiandikwa kwamba inashiriki katika ukarabati wa DNA, inahesabiwa papo hapo miongoni mwa jeni za umetaboli wa DNA, hata kama hakuna aliyeandika hivyo.

Wapo waliopinga. Mwaka 2003 mwanafalsafa Barry Smith na wenzake walionyesha kwamba nyuzi hizo zilitumiwa kiholela na kwamba fasili kadhaa hazikusimama kimantiki. Walisema kweli. Hata hivyo, kasoro hizo zilirekebishika kwa sababu tayari kulikuwa na kamusi moja ya kurekebishwa, yenye watumiaji waliokubaliana. Mantiki safi isiyo na watumiaji isingemfaa mtafiti yeyote. Mwaka 2019 mradi huo ulitangaza muundo mpya unaozifunga kazi za molekuli kwa visababishi na matokeo, hatua kwa hatua, hadi mchakato mzima uonekane. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kusanifisha maneno hugandisha fikra, ilhali sayansi hubadilika. Lakini hapa istilahi iliyopitwa na wakati hustaafishwa, namba yake isipewe nyingine, na kila dai hubeba alama ya ushahidi: limetokana na jaribio la maabara, au limekisiwa na kompyuta bila mtu kulipitia. Kamusi inayoonyesha udhaifu wa madai yake haiwezi kushtakiwa kwa kuyagandisha.

Mapatano ya aina hiyo yaliwezesha hata jaribio lenyewe liandikwe kwa lugha ya mashine. Mwaka 2009 Ross King na wenzake wa Aberystwyth, Wales, walieleza katika jarida la Science roboti yao Adam, iliyobuni na kupima nadharia tete 20 kuhusu vimeng’enya 13 vya hamira ambavyo jeni zake hazikujulikana. Vipimo milioni 6.6 vya ukuaji wa hamira vilifungwa kwenye maelezo ya kimantiki, hata msomaji aweze kufuatilia kipimo kimoja hadi kwenye swali lililokizaa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili limegusa malaria. Jeni takriban 5,300 za kimelea Plasmodium falciparum zilipochapishwa mwaka 2002 zilipangwa kwa istilahi hizohizo, na ikabainika kwamba asilimia 60 hivi ya protini zake hazikufanana vya kutosha na protini yoyote inayojulikana hata zipewe kazi. Mtafiti anayefungua hifadhidata ya PlasmoDB leo hukuta istilahi hizo pembeni mwa jeni za kimelea hicho, kila moja na alama ya ushahidi wake.