Tiba ya Uraibu: Inamsaidia Nani, na kwa Kiasi Gani?

Tiba ya uraibu ni huduma inayomwezesha mtu aliyeshindwa kujizuia kutumia kilevi kurejea katika afya, familia na kazi yake. Nchini Tanzania huduma hii ilipiga hatua kubwa Februari 2011, ilipofunguliwa kliniki ya methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Zilifuata Mwananyamala na Temeke, kisha Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Udhibiti wa dawa za kulevya unasimamiwa na Mamlaka iliyoundwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2015.

Methadoni hutolewa kwa waraibu wa heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mtoa huduma. Humwondolea arosto bila kumlewesha, naye huachana na sindano zinazoeneza VVU na homa ya ini. Faida hiyo hudumu kadiri anavyoendelea kuhudhuria. Anayekatisha tiba na kurudia heroini kwa kipimo chake cha zamani yumo hatarini kufa, kwa sababu mwili umekwisha kupoteza ustahimilivu.

Dawa hii haitibu uraibu wa pombe wala wa bangi. Jambo hilo lina uzito katika kata kama Maguu, wilayani Mbinga, ambako fedha za kahawa huingia kwa msimu na pombe ya kienyeji haiko mbali. Kupigwa marufuku kwa viroba, Machi 2017, kulipunguza pombe kali ya bei nafuu madukani, lakini hakukumtibu aliyekwisha kuzoea. Wala kumfungia ndani si tiba. Mnywaji wa kila siku anayeacha ghafla anaweza kutetemeka, kupata kifafa au kuchanganyikiwa ndani ya siku tatu za mwanzo, na wengine hupoteza maisha.

Je, tiba hufanikiwa? Taasisi ya Marekani inayochunguza uraibu inakadiria kuwa asilimia 40 hadi 60 ya wanaotibiwa hurudia matumizi, kiwango kinachokaribiana na cha wagonjwa wa shinikizo la damu wanaoacha masharti ya tiba. Kurudia, basi, ni ishara kwamba tiba irekebishwe. Nyumba za upataji nafuu, ambazo kwa kawaida hutegemea ushauri nasaha na msaada wa waliopona, huwafaa wengi, ila miezi michache humo haitoshi endapo mhusika atarudi kijijini bila mtu wa kumfuatilia.

Kwa mkazi wa Mbinga, mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako atapimwa na kupewa rufaa inapobidi. Ndugu wanaomsindikiza wanapaswa kueleza kwa ukweli kiasi anachokunywa, saa aliyokunywa mara ya mwisho, na kama amewahi kupata kifafa alipoacha. Maelezo hayo humsaidia tabibu kuamua iwapo mgonjwa atatibiwa akiwa nyumbani au atalazwa.