Somo la Redio: Karatasi za Nyumbani

Wekeni kalamu chini kwanza, tusikilizane.

Leo tutasoma historia, lakini si historia ya wafalme na vita. Ni historia ya karatasi. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Tutazame jinsi maneno hayo yalivyotimia katika pwani ya Kenya.

Zamani ukanda wa pwani ile, wenye upana wa maili 10, ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1895 Waingereza walianza kuuendesha kwa niaba yake. Katika miji kama Mombasa na Malindi, watu walikuwa wamezoea kuandikiana hati. Mtu akinunua shamba la minazi, hati iliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mashahidi walitajwa majina. Mipaka ilielezwa: upande huu shamba la fulani, upande huu njia, upande huu bahari. Kisha hati iliwekwa sandukuni, na baba alimwachia mwanawe.

Nje ya miji mambo yalikuwa mengine. Wadigo, Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda walioishi katika ukanda ule walijua ardhi zao kwa makaburi, kwa miti waliyoipanda, na kwa kauli ya wazee. Hawakuandika. Waandike kwa nini, na kila jirani alijua?

Mwaka 1908 ilitoka sheria mpya. Kila mtu anayedai ardhi katika ukanda ule alitakiwa kupeleka dai lake kwa mwandikishaji wa serikali, katika muda uliowekwa, na kutoa ushahidi. Aliyekubaliwa alipewa cheti. Ardhi ambayo haikudaiwa na mtu ilihesabiwa kuwa mali ya serikali.

Basi fikiri, ndugu yangu. Mwenye hati alifungua sanduku lake, akaenda. Lakini wakulima wengi hawakupata habari, au hawakuielewa. Muda ukapita. Watu waliozaliwa juu ya ardhi ile wakaitwa maskwota, yaani wageni katika shamba la mwenyewe. Uhuru wa Kenya ulikuja mwaka 1963, lakini shida hiyo haikuisha, na wajukuu wangali wakiidai ardhi hiyo mpaka leo.

Usielewe vibaya. Asiye na karatasi hakuwa mwongo. Haki alikuwa nayo, na sheria ile haikumtendea wema. Lakini haki isiyoonekana ni rahisi kunyang'anywa. Wewe sasa unajifunza kusoma. Kwa hiyo, karatasi za nyumbani kwako zisiwe kama kuni za jikoni.

Anza hivi. Kusanya zote: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya shamba au nyumba, wasia, na stakabadhi za malipo. Zitenge kwa aina, kila aina katika bahasha yake, na uandike juu ya bahasha kilichomo. Kisha andika orodha ya zote.

Tia bahasha katika sanduku la bati lenye kifuniko. Usiliweke chini, maana mchwa na maji hupitia sakafuni. Liweke juu ya meza au rafu, mbali na jiko na mbali na mahali paezi panapovuja. Mara kwa mara zitoe, uzipunge hewa kivulini. Usizianike juani, kwa sababu jua hufifisha wino.

Toa nakala, umpe ndugu anayekaa nyumba nyingine. Moto ukiunguza nyumba moja, hautaunguza mbili. Na mtu akikuomba hati yako, mpe nakala. Ikiwa hapana budi kumpa hati yenyewe, akuandikie stakabadhi.

La mwisho ndilo husahauliwa. Mwambie mkeo au mumeo, na mtoto mmoja mkubwa, sanduku liko wapi na ufunguo uko wapi. Mficha siri akifa, sanduku nalo hufa.

Sasa shika kalamu, ujibu maswali haya:

1. Sheria ya mwaka 1908 ilitaka watu wafanye nini?
2. Kwa nini wakulima wengi hawakupeleka madai yao?
3. Nyumbani kwako mna karatasi gani? Andika orodha yake usiku huu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.