Mchongaji Hakuulizwa

Katika makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani, kadi ya kinyago kilichotoka Uzaramo husomeka karibu vilevile popote utakapoikuta. Kuna jina la kabila, mara nyingi likiwa na neno la wasiwasi katikati: Zaramo au Kwere. Kuna neno "mti". Kuna vipimo kwa sentimita. Kuna jina la Mzungu aliyekikusanya, au la tajiri aliyekitoa kama zawadi, na mwaka ambao makumbusho yalikipokea. Kisha unafika mstari wa mchongaji, na hapo pameandikwa: hajulikani.

Nasoma shahada ya uzamili, na sehemu ya masomo yangu ni miezi 3 ya mafunzo kwa vitendo, au fildi kama sote tunavyosema. Niko katika jumba dogo la sanaa la jamii linalofanya shughuli zake kati ya Kibaha na Kisarawe. Watu wakisikia "jumba la sanaa" hudhani nashinda nikitazama picha. Ukweli ni kwamba asubuhi nafagia. Kisha nakagua kuta kama mchwa wamepanda usiku, na nainama chini ya kila kinyago kutafuta unga, kwa maana unga mpya ni habari kwamba bungua yumo ndani anakula. Saa 4 wanakuja wanafunzi wa shule, saa 7 tunakula kwa mama ntilie, na alasiri naandika kadi.

Kadi ndiyo kazi ndogo kuliko zote, na ndiyo iliyonirudisha kwenye historia. Fomu tunayotumia ina mistari ileile ya makumbusho makubwa, kwa sababu iliigwa huko. Mwezi wangu wa pili, familia moja kutoka vijiji vya ndani vya Kisarawe ilituletea mwana hiti. Hawakuja kumuuza. Mfanyabiashara wa vinyago alikuwa amekwisha kufika nyumbani na kutaja bei, vijana wakakubali, bibi yao akakataa, na familia ikaona heri akae mahali pa tatu mpaka wakubaliane. Ilinibidi nijaze fomu ya kumpokea. Mstari wa "mmiliki" ulituchukua nusu saa. Nilipofika mstari wa "mchongaji" kalamu yangu ilikuwa tayari imezoea jibu.

Kwa asiyemfahamu: mwana hiti ni sanamu ndogo ya mti ya Wazaramo na majirani zao. Mara nyingi anatosha kushikwa kwa mkono mmoja. Ana kichwa, shingo, kiwiliwili cha mviringo na matiti madogo, lakini hana mikono wala miguu. Nywele zake huchongwa zikapanda juu, aghalabu kwa mafungu mawili yenye bonde katikati. Msichana aliyevunja ungo alipowekwa ndani, akawa mwali, alikabidhiwa mwana hiti amtunze kama mtoto: amwogeshe, ampake mafuta, amlaze. Siku ya kutolewa, mwana hiti alitoka naye. Umbo hilohilo lilichongwa pia kwenye fimbo za wakubwa, kwenye viti na kwenye nguzo za makaburi, kwa hiyo Mzaramo aliweza kukutana nalo akiwa mwali na akalikuta tena kaburini. Mengine yanayohusu mafunzo ya unyago si ya kuandikwa kwenye kadi. Bibi alituambia hivyo waziwazi, nasi tumekubali.

Sanamu hizi zilianzaje kuwa mali ya makumbusho ya mbali? Kisarawe iko karibu sana na Dar es Salaam, na ukaribu huo umekuwa bahati na balaa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1880, na katika muongo uliofuata walikuwa wamekwisha kujenga vituo Kisarawe na Maneromango. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliamua kwamba vitu vitakavyokusanywa na misafara inayogharimiwa na dola vipelekwe kwanza Makumbusho ya Berlin. Tangu hapo afisa, mwanajeshi na daktari wa koloni walijua kuwa kuna ghala linalosubiri. Vitu vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa kama zawadi, vingine viliachwa mikononi mwa wamisionari na watu waliobatizwa, na vingine vilichukuliwa vitani.

Vita navyo vilifika hapa. Mashamba ya pamba ya kulazimishwa yaliyochangia kuwasha Majimaji yalianza kujaribiwa katika wilaya ya Dar es Salaam mwaka 1902, na vita vilipolipuka mwaka 1905 Uzaramo haukubaki nje. Jina la Jumbe Kibasila, aliyeongoza upinzani huko, leo limebebwa na shule ya sekondari jijini Dar es Salaam. Katika miaka ya namna hiyo, kitu kutoka nyumba ya Mzaramo kingeweza kufika kwenye sanduku la mkusanyaji kwa njia nyingi, na ni chache kati ya hizo zilizoacha muda wa mazungumzo.

Hapa ndipo neno "hajulikani" linaponikera. Ni neno linaloweka kosa mahali pasipo na mtu. Linasema kuwa ujuzi ulipotea wenyewe, kama maji yanavyozama mchangani. Lakini fikiria jinsi mwana hiti alivyopatikana: familia yenye msichana ilimwendea fundi wa kijijini, au ilimtoa mwana hiti aliyekwisha kutumiwa na mama na bibi wa ukoo. Kwa vyovyote, alikuwepo mtu aliyejua mkono uliomchonga. Mkusanyaji alikuwa na daftari na kalamu. Aliandika kabila kwa sababu sayansi yake ilihesabu watu kwa makabila. Aliandika jina lake mwenyewe kwa sababu lilimpa heshima. Jina la fundi halikuwa na safu katika jedwali lake.

Tulipomuuliza bibi, alijibu bila kufikiri: alitaja jina la fundi, kijiji chake, na mtoto wa nani. Alionyesha kushangaa kidogo kwamba swali lenyewe lipo. Kwake, kumkabidhi binti kitu kilichotengenezwa na mtu usiyemjua ni uzembe. Sitaji jina hilo hapa kwa sababu familia bado haijaamua nini kiwekwe hadharani, lakini liko kwenye fomu. Lilichukua sekunde 3 kulipata.

Kuna hoja ya upande wa pili, na mhadhiri mmoja aliwahi kuitoa vizuri darasani. Labda tunawavisha mafundi wa zamani kiu ya umaarufu ya siku zetu. Mwana hiti hakuchongwa ili asifiwe fundi. Alichongwa kwa ajili ya mwali, na thamani yake ilitokana na kutunzwa, si kusainiwa. Mafuta yaliyomng'arisha ni ya mikono ya wanawake wa vizazi kadhaa. Ukimtaja fundi peke yake, umewafuta wao. Hoja hii ina uzito, na imenifundisha kuwa mstari mmoja wa "mchongaji" hautoshi. Ila haitetei ukimya. Kitu kutosainiwa ni jambo moja, na mtu kutoulizwa ni jambo lingine.

Linganisha na yaliyotokea baadaye, umbali usiofika kilomita 40 kutoka Kisarawe. Katika miaka ya 1950 wachongaji wa Kimakonde waliohamia Dar es Salaam walianza kuuza kazi kwa wafanyabiashara wa mjini, akiwemo Mohamed Peera, na soko lilipokua majina yalianza kuandikwa. Ndiyo maana leo tunaweza kusema kuwa Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuanzisha mtindo wa shetani mwishoni mwa muongo huo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kupaka rangi za mafuta kwenye vipande vya mbao mwaka 1968, alitia saini yake. Alifariki mwaka 1972, mwaka uleule ilipoanzishwa Nyumba ya Sanaa, mahali alipofanya kazi George Lilanga ambaye jina lake lilivuka bahari. Kule Marangu, Elimo Njau alikwisha kufungua jumba lake la sanaa la Kibo katika miaka ya 1960, akiwa na imani kwamba msanii anapaswa kuonekana kwao kabla ya kuonekana ng'ambo.

Hata hivyo jina nalo linaweza kugeuka gunia. Muulize mtalii jina la mchoraji wa picha ya twiga aliyoinunua, atakujibu "Tingatinga". Wanafunzi wa Tingatinga na wanafunzi wa wanafunzi wake, watu wenye mikono tofauti kabisa, wamebebwa na jina la mtu mmoja, kama mafundi wa Uzaramo walivyobebwa na jina la kabila. Kwa hiyo shida haimalizwi na saini peke yake. Inamalizwa na desturi ya kuuliza, kila mara, nani hasa.

Upande wa Kibaha umenipa funzo jingine. Mji huu ulikua na mradi ambao Tanganyika iliuanza na nchi za Nordiki mwaka 1963: shule ya sekondari, kituo cha wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Tanzania, nao ndio Shirika la Elimu Kibaha tunalolijua. Vijana waliletwa kutoka kila kona ya nchi wasome pamoja, na kabila likawa jambo la kuulizwa kwa sauti ya chini. Najivunia urithi huo, nimelelewa nao. Lakini wanafunzi wanaotutembelea kutoka Kibaha wakimwona mwana hiti wanapata shida ya kipekee. Kadi za zamani zinawaambia kabila tu, na wao wamefunzwa kuwa kabila si jibu la maana. Baada ya hapo hawana pa kushika. Wakoloni walimfuta mtu wakabakiza kabila; sisi tulipolisogeza kabila pembeni kwa nia njema, hatukukumbuka kumrudisha mtu.

Haya si mambo ya kadi tu. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea na kuomba radhi kwa yaliyotendwa katika vita vya Majimaji. Mwaka uliofuata, Humboldt Forum jijini Berlin ilifungua maonyesho kuhusu historia ya Tanzania, yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Mazungumzo ya kurudisha vitu yameanza, na yakifika mbali tutakutana na swali ambalo hotuba haziwezi kulijibu: vinarudi kwa nani? Mwana hiti aliyeandikwa "Zaramo, hajulikani" anaweza kurudi kwa taifa, na taifa litampokea kwa heshima. Hawezi kurudi kwa ukoo. Wazaramo kwa asili hufuata ukoo wa mama, na mwana hiti wa ukoo alipita kwa wanawake ambao hakuna daftari lililowataja. Bila jina la fundi, la mwali au la kijiji, safari ya kurudi itaishia kwenye kabati jingine la kioo, safari hii Dar es Salaam.

Na wakati tunasubiri Berlin, mfanyabiashara yuko barabarani Kisarawe leo. Akifanikiwa kumnunua mwana hiti wa bibi yule, hatanunua na jina la fundi, kwa sababu mnunuzi wake wa mwisho hatalitaka. Kitu kitapanda ndege, na baada ya miaka 20 mwanafunzi mwenzangu mahali fulani ataandika "hajulikani" kwa mwandiko mzuri.

Tuna mfano wa kufuata, na ni wa wanafunzi. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma vijana vijijini kukusanya kumbukumbu za Majimaji kwa wazee waliokuwa bado hai, katika mradi ulioongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa. Walikuwa na umri wetu. Walikwenda na maswali wakarudi na majina, na leo hakuna anayeweza kuandika historia ya vita vile bila kuwapitia. Laiti wangechelewa miaka 15 tu, wengi wa wale wazee wasingekuwepo.

Msimamizi wangu amekubali tubadilishe fomu. Mstari wa mchongaji sasa ni mistari 3: nani alitengeneza, nani alitunza, na nani aliulizwa. Pale ambapo jibu halipo, haturuhusiwi kuandika "hajulikani". Tunaandika "hakuulizwa", na mbele yake jina la aliyepaswa kuuliza, kama tunalo. Kwa sehemu kubwa tunalo, kwa sababu mkusanyaji hakusahau kujiandika.

Familia ya bibi bado haijakubaliana. Wiki iliyopita mjukuu mmoja, yule aliyetaka kuuza, alikuja peke yake akaomba kuisoma fomu. Aliisoma taratibu akiwa amesimama, akafika kwenye jina la fundi, akauliza kama huyo ndiye yule ambaye mti wake wa mwembe bado upo nyuma ya shule. Nilimwambia sijui, akamuulize bibi. Akatoa simu akampigia hapohapo, na mimi nikachukua kalamu.